Mzigo wa Jina la Aziza

Habari ilifika Jumamosi, mbele ya watu, na pengine hilo ndilo lililoharibu mambo.

Kikundi kilikuwa kimekaa kama kawaida kwenye chumba cha nyuma cha duka la Nasiri, karibu na soko la Rumonge. Watu kumi na mmoja walikuwa wameizunguka kompyuta moja yenye ufa kwenye kioo. Nasiri, fundi wa simu na redio, alikuwa amesimama mbele akieleza namna ya kuweka zile programu alizozipenda kuliko kitu chochote: programu huria, ambazo hazinunuliwi, na ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzibadilisha na kumgawia jirani. Alikianzisha kikundi hicho yeye mwenyewe miaka minne nyuma, akabandika tangazo la mkono kwenye mlango wa duka, akangoja wiki tatu kabla ya mtu wa kwanza kuingia.

Aziza, mkewe, alikuwa pembeni na simu mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akijibu barua za kikundi.

"Wamejibu," akasema.

"Nani?" Nasiri akauliza bila kugeuka.

"Wale wa Ubelgiji. Mzee Wouter."

Wote walimjua Wouter kwa jina. Alikuwa mstaafu, na yeye na wenzake wa kujitolea walizunguka kwenye makampuni wakiomba kompyuta zilizokwisha kutumika, wakazisafisha katika gereji yake, wakazifunga na kuzituma kwa vikundi kama hiki katika nchi mbalimbali. Hakuna aliyelipwa hata mmoja.

"Soma, dada," akasema Jean Bosco, mwalimu kutoka Gatete.

Aziza akasoma polepole, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Wafadhili wamekubali. Kompyuta kumi na mbili za kupakata, projekta moja, maboksi mawili ya vitabu. Gharama za meli zimelipwa mpaka Bujumbura. Kisha akasita.

"Endelea," Jean Bosco akasema.

"Anasema hivi: 'Madame Aziza, tulipofika kwenye ile sentensi yako, kwamba wa nyuma huwauliza wa mbele wanaona nini, mkutano mzima ulinyamaza. Mzigo tutauandika kwa jina lako.'"

Chumba kilipasuka kwa makofi. Speciosa, muuguzi wa zahanati, mama mzito asiyesimama ovyo, alisimama akamkumbatia Aziza. "Présidente!" akapaza sauti, na wengine wakadakia, "Présidente! Présidente!"

Nasiri naye alipiga makofi. Alipiga kwa muda mrefu kuliko wote, makusudi, ili mtu asije akamtazama usoni. Kisha akasema anakwenda kuangalia kama kuna mteja mbele. Hakukuwa na mteja. Alisimama nyuma ya kaunta akiwa ameshika bisibisi, na kooni akahisi kitu kama mwiba wa samaki wa mukeke, si mkubwa wa kuua, ila haushuki na haupandi.

Barua tatu alikuwa ameandika yeye, kabla ya Aziza. Tatu. Za Kifaransa cha juu, zenye "heshima isiyo na kifani" na "taadhima zangu za dhati," kila moja kurasa mbili. Hakuna iliyojibiwa. Aziza aliandika moja, nusu ukurasa, akiwa anangoja maharage yaive.

* * *

"Ungewaambia mimi ndiye fondateur, mwanzilishi," Nasiri alisema siku hiyo wakati wa chakula.

Binti yao, Aliya, alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, na walikuwa wawili tu kwenye mkeka.

"Niliwaambia, Baba Aliya. Iko mu barua, mustari wa pili."

"Mustari wa pili."

"Wa kwanza ilikuwa kusalimia."

Nasiri akamega ugali, akauchovya, akauacha sahanini. "Andika tena. Uwaambie wabadilishe jina. Mimi ndiye nilifungua kile kikundi, duka ni yangu, umeme ni yangu. Mzigo ukuje kwa jina yangu."

"Nitauliza," akasema Aziza.

Na kweli aliuliza. Jibu lilirudi baada ya siku mbili, na Aziza akampa simu asome mwenyewe, kwa kuwa alijua kama angemsomea asingeamini. Wouter alieleza kwa upole. Sheria ya wafadhili ilikuwa moja kwa nchi zote: aliyeandika ombi ndiye anayepokea mzigo, kwa kitambulisho chake, kwa mkono wake. Walikuwa wameiweka baada ya mizigo ya vikundi viwili kuchukuliwa na watu wasiojulikana. Alimsalimu sana Bwana Nasiri na kumshukuru kwa kumpa Madame Aziza chumba cha kukutania.

"Kwa kumpa Madame Aziza chumba," Nasiri akarudia.

"Hakumaanisha hivyo."

"Hukumuuliza vizuri."

"Nilimuuliza. Si umesoma?"

"Uliuliza kama mutu ambaye hataki akubaliwe."

Aziza akakusanya sahani. Hakuwa mwanamke wa kugombana, lakini pia hakuwa mwongo, na swali hilo lilimfuata mpaka uani. Alimuuliza Wouter kwa moyo mmoja? Alikumbuka yale makofi, na joto lililompanda shingoni, na akasugua sufuria kwa nguvu.

* * *

Meli ilichukua miezi miwili, na miezi hiyo ilimfundisha Nasiri kwamba mji mdogo una masikio mengi.

Mwanamke aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni alimpimia, akamtazama, akacheka. "Si ni wewe bwana ya Aziza wa maordinateur, zile kompyuta?" Akamwongezea kiganja kizima juu ya fungu. Ilikuwa mara ya kwanza Nasiri kupewa nyongeza pale, na alitamani kuimwaga chini. Wateja walioleta simu zilizokufa walichungulia nyuma yake wakiuliza, "Mama Aliya iko?" Hata msikitini, jirani yake wa safu alimshika mkono baada ya sala akasema mashaallah, bibi yako ametutoa kimasomaso.

Akaanza visa vidogo vidogo. Alimsahihisha Aziza Kifaransa mbele ya mtoto. Alisema mchuzi umepoa kwa sababu ya kuandikiana na Wazungu. Siku Aziza alipokuwa akimfundisha Speciosa kuweka herufi kubwa, Nasiri alisogea akamwondoa Aziza mkono kwenye kibodi, akasema, "Hivi ni haraka zaidi," na ni kweli ilikuwa haraka zaidi, lakini Speciosa alimtazama kama anavyotazama mgonjwa anayekataa dawa.

Siku moja barua ilikuja kwamba meli imechelewa Dar es Salaam na huenda mzigo ukakwama. Aziza alikaa chini, uso umemshuka. Nasiri akamwambia pole. Na wakati anasema pole aligundua kuwa amefurahi. Furaha yenyewe ilimtisha. Alitoka akatembea mpaka ufukoni, akasimama mbele ya ziwa, akijiambia kwamba amechoka tu, kwamba mtu aliyechoka huwaza lolote.

* * *

Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa Sabrina. Huyu alikuwa msichana wa Bujumbura aliyefanya kazi katika duka la dawa mchana, na muda wake uliobaki aliutoa bure kwa mtandao huo wa wafadhili. Yeye ndiye aliyefuatilia karatasi za ushuru na kugawa mizigo ikifika. Aliandika Jumanne: maboksi yako ghalani, tayari kabisa. Aziza aje Alhamisi na karangamuntu yake, kile kitambulisho cha taifa, atie sahihi.

Ujumbe ulikuja kwenye sanduku la barua pepe la kikundi, na sanduku hilo lilikuwa wazi kwenye kompyuta ya duka. Aziza alikuwa amekwenda kumpeleka Aliya kupimwa macho. Nasiri akausoma mara mbili. Kisha akaufuta.

Baadaye, kila alipojaribu kueleza, alisema hakutaka kumdhuru mtu. Na ni kweli. Alichokiona kichwani ni yeye akishuka kutoka kwenye kamyo ya mizigo mbele ya duka, maboksi yakiteremshwa moja baada ya jingine, watu wakitoka sokoni kutazama. Hakuona zaidi ya hapo. Jumatano alfajiri alifungua pochi ya mkewe, akachukua karangamuntu, akasema anakwenda Bujumbura kutafuta vioo vya simu.

Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana tena, sasa kwa wiki ya tatu, na taxi zilikuwa zimepangwa kwenye kituo cha mafuta bila madereva. Alipata nafasi juu ya kamyo iliyobeba madumu ya mawese. Alipanda na shati lake jeupe, akashuka Bujumbura na doa la rangi ya chungwa mgongoni ambalo hakuliona ila wengine wote waliliona.

Ghalani, nyuma ya dirisha, alikaa mama mmoja mwenye miwani, na mbele yake mafaili yamepangwa kwa unadhifu. Nasiri alisalimu kwa Kifaransa chake cha barua. Akasukuma karangamuntu chini ya kioo.

Mama akaitazama, akamtazama. "Wewe ndiye Aziza?"

Watu wawili kwenye foleni wakacheka.

"Mimi ni bwana yake, madame. Mimi ndiye fondateur wa kikundi. Bibi yangu ni... yeye anaandika tu."

"Anaandika tu." Mama akafungua faili, akageuza karatasi moja. "Hapa mutu ni mumoja. Jina yako haiko. Una procuration?"

"Ni bibi yangu. Tunakaa nyumba moja."

"Sikuuliza nyumba. Nimeuliza karatasi yenye sahihi yake, kwamba amekutuma."

Nasiri hakuwa nayo. Alijaribu kucheka, akasema mambo ya familia, akasema yeye ndiye mkuu wa nyumba. Mama hakupandisha sauti. Alichukua ile karangamuntu, akaibana kwa kibanio ndani ya faili, akaandika maneno machache pembeni.

"Inabaki hapa. Mwenyewe akuje. Na wewe ukuje naye, uandike kwa nini ulikuwa na kadi ya mutu mwingine. Ijumaa, kabla ya saa sita." Kisha akainua simu. "Na inanipasa nimwambie Sabrina."

"Madame, nakuomba."

"Anayefuata," akasema mama.

* * *

Kamyo za kurudi zilikuwa chache, na Nasiri alifika Rumonge Alhamisi asubuhi. Duka lilikuwa wazi. Aziza alikuwa nyuma ya kaunta, anafuta vumbi kwenye betri ambazo hazikuwa na vumbi.

"Amahoro," akasalimu Nasiri.

"Sabrina alinipigia," akasema Aziza.

Nasiri akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilitafuta karangamuntu yangu jana nyumba nzima," Aziza akaendelea. "Nikafikiri nimeipoteza. Nikamgombeza Aliya. Mutoto akalia, akaapa kuwa hajaigusa. Unasikia? Nilimgombeza mutoto."

"Nilitaka kukusaidia. Barabara ni mbaya, mafuta hakuna..."

"Na ule ujumbe ulioufuta ilikuwa kunisaidia?"

Mzee mmoja akaingia na simu iliyofungwa kwa mpira, akasalimu, akaanza kueleza kwamba inasikika upande mmoja tu. Wote wawili wakamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Nasiri akaipokea, akaandika jina la mzee kwenye kipande cha karatasi, akasema kesho kutwa. Mzee akashukuru, akaenda zake.

"Mimi ndiye nilikufundisha," Nasiri akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Ulikuwa hujui hata kuiwasha. Nilishika kidole chako nikakiweka kwenye herufi. Leo ukipita, wanakupigia makofi, mimi wananiuliza kama uko nyumbani."

Aziza aliacha kitambaa. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayetaka kumwendea, lakini hakwenda.

"Ndiyo, ulinifundisha," akasema. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nisijue?"

Nasiri akaanza kuufungua mpira wa ile simu ya mzee.

"Kesho tunaenda sisi wote wawili," akasema Aziza. "Badilisha hilo shati. Lina mawese mugongoni."

* * *

Ijumaa walifika saa nne na nusu, baada ya Jean Bosco kuwapatia nafasi kwenye gari la mwalimu mwenzake. Aziza alimwambia Jean Bosco kwamba kuna karatasi ya kusahihisha. Hakumwambia zaidi.

Sabrina alikuwa anawangoja mlangoni, mdogo kuliko sauti yake ya simu, koti la duka la dawa bado liko mwilini. Alimkumbatia Aziza. Kwa Nasiri alinyoosha mkono, akaurudisha haraka.

Mama mwenye miwani alimpa Nasiri karatasi na kalamu. "Eleza sababu."

Akaandika kwamba mkewe alikuwa mgonjwa. Mama akasoma, akamgeukia Aziza. "Mama, Jumatano ulikuwa mugonjwa?"

Aziza alimtazama mumewe. "Hapana," akasema.

Karatasi ikachanwa, nyingine ikasukumwa chini ya kioo. Nasiri akaandika kwamba hakuuelewa utaratibu. Mama akavua miwani. "Ulielewa mpaka ukajua kadi inakaa wapi. Monsieur, foleni ni refu. Andika kitu cha kweli, niweke mu faili, kila mutu aende nyumbani."

Nasiri alishika kalamu. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake, wakipumua. Alizoea kuanza na heshima isiyo na kifani, na sasa kila neno la namna hiyo alilolitafuta lilimkimbia. Mwishowe akaandika mstari mmoja, akausukuma bila kuusoma tena.

Mama aliusoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo alivyosoma kila kitu kabla ya kugonga mhuri: "'Niliona wivu kwa sababu mzigo ulikuja kwa jina la mke wangu.'"

Nyuma mtu alikohoa. Hakuna aliyecheka, na Nasiri angependa zaidi kama wangecheka.

Mhuri ukagongwa. Aziza akapewa karangamuntu yake, akatia sahihi mara nne. Wapagazi wakaanza kutoa maboksi. Yalikuwa machache. Aziza akahesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Sabrina, mengine?"

Sabrina alikuwa akikwepa kumtazama tangu mlangoni, na sasa ikaeleweka kwa nini. "Dada, sheria yetu inanilazimisha. Mutu ambaye jina yake haiko akija kudai muzigo, lazima niripoti. Niliripoti. Wouter na wenzake walikutana jana kwa simu. Wengine walitaka kuwanyima zote. Wouter aliwapigania. Wamewapa sita. Sita nyingine na projekta zimeenda Gitega, kuna kikundi walikuwa wanangoja. Mwaka ujao, kama hakuna shida, mutaomba tena."

Aziza alikaa juu ya boksi moja la vitabu. Hakulia. Aliikunjua karangamuntu, akaikunja tena, akaiweka ndani ya pochi, akafunga zipu. Nasiri alisimama mbele yake akiwa na mikono miwili mitupu, asijue aiweke wapi.

Njiani kurudi, walipokuwa wamepita Muhuta na ziwa likang'aa upande wa kulia, Aziza alisema kwa sauti ya chini ili dereva asisikie, "Kesho watauliza."

"Utawaambia nini?"

"Mimi? Sitasema kitu. Si mimi niliyefanya."

* * *

Waliuliza, kweli.

Jumamosi chumba kilijaa kuliko siku zote. Kompyuta sita ziliwekwa juu ya meza, zimefutwa, zinang'aa, na mwanzoni watu walishangilia. Kisha Baraka, kijana muuza vocha aliyekuwa mwepesi wa hesabu, akasema, "Ile barua ilisema kumi na mbili."

"Na projekta," akasema mwingine.

Aziza alikuwa amesimama karibu na meza. "Zimekuja sita," akasema.

"Tunaona zimekuja sita. Nyingine iko wapi?"

"Gitega."

"Gitega kwa nani?" Speciosa akauliza. Aliuliza kwa upole mwanzoni. Aziza hakujibu, na kimya chake kikaanza kufanya kazi yake. Mtu mmoja akanong'ona. Mwingine akasema kwamba jana kuna aliyewaona Bujumbura, na kwamba kule kompyuta inauzika siku hiyo hiyo. Speciosa akasogea mbele, mikono kiunoni. "Aziza. Mimi nilikuita Présidente mbele ya watu. Niambie. Mumeziuza?"

Nasiri alikuwa nyuma, karibu na mlango. Na kitu kilichompata hapo hajamsimulia mtu mpaka leo. Alisikia utamu. Aliwaona wanamtazama Aziza kama walivyokuwa wakimtazama yeye, bila kumtaka, na ule mwiba wa miezi miwili ukalegea kooni. Ilitosha anyamaze tu. Kwa siku chache tu za kunyamaza wangerudi kwake wenyewe, wakimwomba ashike kikundi.

Aziza hakugeuka kumtafuta. Alisimama wima, kidevu juu, masikio yamewiva, akiangalia ukuta. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha siku ya kupokea mzigo.

"Hakuuza," akasema Nasiri.

Wakageuka.

"Mimi ndiye." Alijaribu kusogea mbele, watu hawakumpisha, akasemea hapohapo. "Ujumbe ulikuja Jumanne, mimi nikaufuta. Nikachukua karangamuntu yake, yeye hajui. Nikaenda kudai muzigo kama ni yangu. Wale wa Ubelgiji wakasikia, wakaogopa. Wakatukata nusu. Yeye hana kosa."

"Kwa nini?" Jean Bosco akauliza. Uso wake ulionyesha kwamba hakuelewa kweli.

"Niliona wivu," akasema Nasiri. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Hakuna aliyepiga kelele. Speciosa alimwendea Aziza akamshika bega, akasema kitu kwa Kirundi ambacho wengine hawakusikia. Jean Bosco alisugua paji la uso wake, kisha akasema, kwa heshima kabisa, kama anavyozungumza na mzazi wa mwanafunzi, "Kaka Nasiri, tunakushukuru kwa chumba. Lakini nafikiri hizi mashine zikae Gatete, mu shule yetu. Iko darasa lenye kufuli. Wenzangu munasemaje?"

Wakainua mikono. Aziza ndiye aliyechelewa kuinua wake, lakini aliuinua.

Zilibebwa mchana huohuo. Walipokwisha kuondoka, Nasiri aliifunika ile kompyuta yenye ufa kwa kitambaa, akarudi mbele kumalizia simu ya yule mzee.

* * *

Kwa wiki tano Aziza alikwenda Gatete peke yake kila Jumamosi, na kwa wiki tano Nasiri hakuuliza walifanya nini. Nyumbani waliongea: ada ya shule, miwani ya Aliya, bei ya mawese. Walikuwa na adabu nyingi kama wageni. Usiku mmoja wa wiki ya nne Aziza alicheka kitu alichosema Nasiri kuhusu mteja, akacheka kweli, kisha akaonekana kukumbuka, akaacha.

Jumamosi ya sita alipokuwa akijifunga kilemba, alisema mbele ya kioo, "Ukitaka kuja, njoo. Hakuna aliyekukataza."

Walitembea bega kwa bega bila kusema mengi. Darasani, watu walinyamaza Nasiri alipoingia. Baraka aliinamia mashine yake. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa, wawili wawili kwa kila kompyuta, na nafasi pekee ilikuwa dawati la mwisho, pembeni ya Speciosa. Nasiri akasimama karibu nalo.

Speciosa alimwacha asimame. Alimaliza kuandika alichokuwa akiandika kwa kidole kimoja. Kisha akasogeza kiti chake inchi chache.

"Kaa," akasema, mkono ukiwa juu ya kipanya. "Lakini souris ninaishika mimi."

"Sawa, mama."

Mbele, Aziza alikuwa akiandika amri ubaoni kwa chaki, hatua kwa hatua, na watu wakiziandika kwenye mashine zao. Sauti yake ilikuwa tulivu. Alisimama kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa, au aliyezoea. Kwenye hatua ya nne aliacha nafasi moja ambapo haikutakiwa. Kitu kidogo, lakini mashine zingekataa zote sita.

Nasiri aliliona kosa kabla chaki haijatoka ubaoni. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe juu ya dawati. Mashine ya kwanza ikakataa, ikafuata ya pili, watu wakaanza kugeukiana. Baraka akasema, "Dada, yangu imegoma." Aziza akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao, kichwa kimeinama upande. Nasiri akaushusha mkono, akaushika kwa ule mwingine chini ya dawati.

Ilichukua muda mrefu. Maneno mawili tu yangeyamaliza yote. Kisha Aziza akasema, "Ah," akasogea, akafuta kwa ncha ya kidole, akaandika upya. Mashine zikakubali, moja baada ya nyingine, na mtu akapiga makofi.

Speciosa alimgeukia Nasiri. "Ulikuwa umeliona kosa?" akanong'ona.

"Hapana," akasema Nasiri.